Ugonile, Laptopu?

Wanyakyusa husalimiana "Ugonile?", salamu iliyotokana na kulala. Kila asubuhi isalimie hivyo laptopu yako ya Linux, kisha ushike begi lake. Kama lina joto, haikulala.

Ukifunga kifuniko, mashine nyingi hulala mang'amung'amu: kazi yako inabaki kwenye RAM, na RAM inanyonya betri usiku kucha. Hapa Tukuyu mvua ikiukamata Mlima Rungwe umeme nao huaga. Betri ikiisha, ripoti uliyokuwa unaiandika imekwenda. Unachotaka ni usingizi wa pono: yaliyomo kwenye RAM yanaandikwa diskini, mashine inazima kabisa, na hata ukiiacha wiki nzima kazi utaikuta.

Pono huyu anataka kitanda, nacho ni swapu, yaani nafasi ya diskini inayopokea yaliyomo kwenye RAM. Andika swapon --show, halafu free -h, ulinganishe. RAM ya GB 8 juu ya swapu ya GB 2 ni mtu mzima kwenye kitanda cha mtoto. Ongeza swapu ilingane na RAM. Kisha mwonyeshe njia ya kurudi. Fungua /etc/default/grub, kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT uongeze resume=UUID= pamoja na UUID ya swapu unayoipata kwa blkid (hii ni kwa swapu iliyo sehemu ya diski, si faili), umalize na sudo update-grub. Ukiiruka hatua hii, mashine inaweza kulala vizuri na kuamka haikumbuki hata jina la faili. Jaribu sasa: sudo systemctl hibernate. Ikigoma, tazama Secure Boot. Ikiwa imewashwa, Ubuntu na wenzake huukataza usingizi huu.



Tuseme laptopu imeamka, kazi zote zipo, ila spika ya Bluetooth haisikii. Usiipige spika. Andika rfkill list. Ukiona "Soft blocked: yes", fungua kwa sudo rfkill unblock bluetooth. Bado kimya? Masikio ya laptopu, yaani kiendeshi cha btusb, ndiyo hayajaamka. Yaondoe, uyarudishe: sudo modprobe -r btusb, kisha sudo modprobe btusb. Ikiwa ni tabia ya kila siku, ziweke amri hizo mbili kwenye skripti ndani ya /usr/lib/systemd/system-sleep/, zifanye kazi neno la kwanza ambalo systemd huipa skripti ($1) likiwa post, uipe chmod +x. Kesho ikiamka itajizibua masikio yenyewe.