Koma Isiyokoma

Kodi ya kibanda changu cha steshenari hapa Buguruni hailipwi na karatasi wala wino. Inalipwa na koma. Kwa Kiswahili ukimwambia mtu "koma!" ajue yamemfika, aache alichokuwa anafanya. Ikishaingia kwenye Kiingereza chetu, haimkomeshi mtu yeyote. Nani amewahi kuisifu? Basi naisifu mimi, ninayekula kwake.

Juzi kaka mmoja kaniletea barua ya kuomba kazi ya ulinzi, kaiandika kwa mkono: "I am a hard worker, I finished Form Four, my father he is a driver, the certificate which I got it is attached." Sentensi nne kwenye siti ya mtu mmoja. Tazama uzuri wake! Konda wa daladala akikaribia kituo huuliza "Sheli wapo? Malapa wapo?", asiposikia jibu anagonga bodi, gari linapita. Huyu naye hakuona wa kumshusha. Nukta ni kituo, na kituo ni kupoteza muda.

Mwalimu mkali ataona makosa. Mimi naona uaminifu. Hiyo "he" ya baba imetoka wapi? Tukisema "baba yangu anaendesha gari", ile a- ya mwanzo ndiyo "he" yenyewe, na nani atathubutu kumnyang'anya baba kiambishi chake? "It" ya cheti nayo ni ile -ki- iliyojificha tumboni mwa "nilichokipata". Kijana kahama nyumba na vyombo vyote, hadi kinu na mchi. Na kwa nini asibebe? Tangu 1967 shule ya msingi ya serikali inafundisha kwa Kiswahili. Mtoto wa shule hizo, Kayumba tunavyoziita, anapigana na "usanisinuru" mpaka analishinda, halafu kidato cha kwanza anaambiwa neno hilo aliache mlangoni, humu ndani ni Kiingereza.

Tena koma ina ukoo mkubwa. Charles Dickens alifungua A Tale of Two Cities, mwaka 1859, kwa sentensi moja inayoburuta koma mstari baada ya mstari, na hadi leo wanamsifia. Angesoma huku kwetu angezungushiwa duara jekundu na kuambiwa aandike upya.

Dawa ninazo, ndiyo biashara yangu. Soma maneno ya kila upande wa koma peke yake. Kama kila upande unajitosheleza, hiyo koma imebebeshwa mzigo wa nukta: weka nukta mahali pake, au tia "and" ama "because", ilimradi iwepo sababu ya kweli. Kisha funika "my father" kwa kidole. Kama "he" inaweza kuendelea na safari peke yake, hao ni abiria wawili wenye tiketi moja, mmoja ashuke. Ipo na nuktamkato, lakini hiyo naitunza kwa wateja wenye makuu.

Basi nikamsafishia barua. Sentensi nne, nukta nne, baba bila "he", cheti bila "it". Akaisoma amesimama pale dirishani, uso ukamshuka.

"Bro, mbona imekuwa fupi?"

"Ndiyo Kiingereza chenyewe."

"Hapana, bro. Hivi wataona sijasoma. Nirudishie koma zangu."

Nikamwambia nukta ndizo zinazoonyesha msomi. Akaniuliza kama mimi nimewahi kuajiriwa. Foleni nyuma yake ikaanza kuguna, mama mmoja anataka kopi ya kitambulisho. Nikarudi kwenye kompyuta, nikatafuta pale kati ya uchapakazi wake na kidato cha nne, nikamwekea nuktamkato: juu nukta yangu, chini koma yake. Akaisogeza karatasi kwenye mwanga, akaikagua, akatabasamu.

"Sasa hiyo, bro. Toa mbili."