Huru, Ila Bigijii Hapana

Taasisi ya Heritage Foundation ya Marekani ikipanga nchi kwa uhuru wa uchumi, siku hizi Singapore ndiyo hukaa kileleni. Soko huria, tunaambiwa, serikali imekaa pembeni. Pembeni ipi hiyo? Sehemu kubwa ya ardhi ni yake, na wananchi wengi wanaishi kwenye nyumba zilizojengwa na shirika lake. Ukitaka gari, unapigania kwanza kwenye mnada kibali cha miaka 10, na kibali chaweza kuzidi bei ya gari lenyewe. Bigijii haiuzwi tangu 1992, isipokuwa ile ya tiba, iliyoruhusiwa 2004. Chama tawala ni kile kile tangu 1959, kwa kura, jamani, msinielewe vibaya.

Waheshimiwa wetu wakirudi kutoka ziara ya mafunzo huko, wanasimulia mishahara minono ya mawaziri inayozuia rushwa. Somo hilo wamelishika. Lile la waziri wa zamani aliyehukumiwa kifungo cha miezi 12 mwaka 2024, tiketi za mbio za magari zikiwa miongoni mwa zawadi alizopokea, nadhani lilifundishwa walipokuwa madukani.