Digrii Hii ni ya Kazi Gani?

Msimu wa kuomba nafasi za vyuo ukifika, kiduka changu cha saiba hapa Huruma, Eldoret, hugeuka ofisi ya mkuu wa chuo, ila mshahara wa mkuu wa chuo haufiki. Mtu anakuja kutumia kompyuta kwa dakika kumi. Anaondoka jioni, na katikati ya hapo nimeshaulizwa mwanawe asomee nini, atalipwa ngapi na ataoa lini.

Huwa wanakuja familia nzima. Mtahiniwa mwenyewe, msichana mwenye B- yake safi, ananyamaza kwenye kiti. Mama amesimama nyuma na mkoba wa vyeti. Shangazi yuko kwenye simu kutoka Kitale, sauti imefunguliwa ili mtaa wote usikie. Na baba, ambaye hajawahi kushika kipanya tangu azaliwe, ndiye anayeniamrisha: "Bonyeza hapo." Hapo wapi, mzee wangu?

Kabla ya kuona kozi hata moja kuna mlango wa kupitia. Mtambo wa KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo, unataka namba ya mtihani wa KCSE, mwaka uliofanya, na namba ya cheti cha kuzaliwa au ile ya KCPE, mtihani wa shule ya msingi. Cheti, bila shaka, kiko nyumbani chini ya godoro, kwenye bahasha moja na kadi ya kliniki na risiti ya redio. Bodaboda anatumwa. Bodaboda anarudi na cheti cha kaka yake.

Tukifanikiwa kuingia, vita vinaanza. Kila mzazi wa mtaa huu anataka udaktari. Siwalaumu. Hospitali ya rufaa ya Moi iko pale barabara ya Nandi, na hakuna nyumba Huruma ambayo haijawahi kumlaza mtu huko au kumpelekea mgonjwa uji. Wameona vijana wa makoti meupe wa Chuo cha Sayansi za Afya wakipita wameshika vitabu, na wanasikia kwamba hao hupelekwa hadi vijijini kukaa na wananchi ili wajifunze magonjwa yanakoanzia. Kazi inaonekana kwa macho. Tatizo ni pointi za klasta. Zinahesabiwa kwa masomo manne, na ukipata zote kabisa ni 48. Mtoto ana 27. Namweleza baba polepole kwamba kwa 27 udaktari wa binadamu haupatikani. Anavuta kiti, anainama karibu na sikio langu: "Kijana, hapo kwa 27, si unaweza kuongeza kidogo?"

Udaktari ukigoma tunateremka kwenye orodha, na humo ndimo ninamozeekea. Kila kozi ya kila chuo ina namba yake ya tarakimu saba, na majina ni marefu hivi kwamba skrini yangu, ambayo niliinunua ikiwa tayari imechoka, inayakata katikati. Tunaona "Sayansi katika Usimamizi wa" halafu basi. Usimamizi wa nini? Inabidi tuburute.

Zamani haikuwa hivi. Chuo Kikuu cha Moi kilipoanzishwa 1984, baada ya tume ya Mackay kupendekeza nchi iwe na chuo kikuu cha pili, kilianza na wanafunzi 83 waliohamishwa kutoka Nairobi, na kozi yao ilikuwa misitu. Misitu! Mwuza mboga yeyote wa soko la Huruma anakijua alichokwenda kusoma mtoto: miti. Atapanda, atalinda, atakata akiruhusiwa. Leo hata misitu yenyewe haiko Kesses, makao makuu ya Moi. Ilipelekwa tawi la Chepkoilel, na Chepkoilel ilipopata hati yake 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Eldoret, iliondoka na misitu kama mke anayerudi kwao na sufuria zake.

Hilo nalo linanitesa, maana wazee wa hapa hawajakubali talaka hiyo. Kwao kila chuo ni Moi. Na kwa kweli hawako mbali: Maseno ilipitia mikononi mwa Moi, Masinde Muliro ikapitia, Kabianga, Karatina, Maasai Mara, Rongo, Garissa, Alupe, zote zilikuwa matawi ya mti huo kabla ya kusimama zenyewe. Lakini kwenye mtambo kila kimoja kina namba zake. Baba anasema, "Weka Moi ile ya Chepkoilel." Nikimwambia hiyo ni Eldoret anakasirika, kana kwamba nimemnyang'anya shamba.

Juzi alikuja mama mmoja anayeuza mitumba, na kijana wake mpole anayependa hesabu. Kijana akaonyesha kwa kidole: uhandisi wa nguo, Moi.

"Anaenda kusomea kushona?" mama akauliza.

Nikamwambia sivyo. Nikamweleza kuhusu nyuzi, mashine, rangi na viwanda. Nikamkumbusha Rivatex, kile kiwanda cha barabara ya Kisumu kilichofunguliwa miaka ya 1970, kikaanguka, na chuo hichohicho kikakinunua 2007 ili wanafunzi wajifunze kwenye mitambo yenyewe badala ya kuichora ubaoni. Nilijiona nimeongea vizuri sana. Vijana wawili waliokuwa wakisubiri kuchapisha CV walitikisa vichwa.

Mama alifikiri kidogo. "Sasa akimaliza, atatengeneza nguo mpya za hapa Kenya?"

"Ndiyo, mama."

"Watu wakinunua hizo, mitumba yangu ataninunulia nani? Na karo yake ninailipa kwa mitumba."

Tangu siku hiyo nimesikia wataalamu wengi redioni wakijadili mitumba na viwanda vya nguo, na sijasikia mmoja aliyelifunga jambo vizuri kuliko yeye. Kijana alijaza uhandisi wa nguo hata hivyo. Mama aliniachia soksi mbili kama malipo, za mguu wa kulia zote.

Aliyemfuata alikuwa baba wa kutoka Busia, mlinzi wa lango la hapa karibu. Binti yake alivutiwa na sayansi ya uvuvi na viumbe wa majini pale Chuo Kikuu cha Eldoret. Baba akacheka mpaka akashika ukuta. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, akasema, na baridi hii, samaki gani huyo? Tena mtu wa kwao hafundishwi samaki darasani, amezaliwa anawajua. Nikajaribu kumweleza kuhusu mabwawa ya kufugia. "Kufuga samaki," alirudia taratibu. Wakaenda zao kufikiria, na pesa ya dakika walizotumia bado naisubiri.

Na usidhani elimu ya mzazi inasaidia. Mwenye ploti ninayopanga ana digrii. Aliipata enzi za parallel, ule mpango wa kujilipia uliofunguliwa Chuo Kikuu cha Nairobi 1998 na wenzake wakauiga mbiombio. Alifanya kazi mchana, jioni akasoma, na picha yake ya joho imening'inia sebuleni juu ya mita ya stima, ili ukienda kulalamikia token uione kwanza. Namheshimu, jasho lake lile. Ila anaamini vyuo bado viko vile alivyoviacha, vimejaa pesa na watu. Namwambia mambo yaligeuka 2016, mtihani wa KCSE ulipokazwa na waliopata A wakashuka kutoka zaidi ya 2,600 mwaka uliotangulia hadi 141. Waliofikisha C+, alama ya kuingilia digrii, walikuwa 88,929 nchi nzima. Serikali ikawachukua wote, madarasa ya jioni yakakosa watu, na vyuo vya umma vilivyokuwa vimezoea fedha hizo vikabaki na majengo na madeni. Nina shaka yangu kwamba tangu hapo, chuo kikikosa wanafunzi, hakibadilishi somo. Kinabadilisha jina la somo. Kinaongeza "teknolojia" mbele au "usimamizi" nyuma, na mhadhiri ni yuleyule, na mwangaza wa dirisha ni uleule.

Lakini kituko kamili ni fomu ya pili, ya kuomba ufadhili. Mei 2023 serikali ilitangaza mfumo mpya wa ufadhili ambamo familia hupangwa kwa bendi, kuanzia maskini kabisa hadi anayejiweza, na kila moja inalipa kwa kadiri yake. Mahakama Kuu ilisema Desemba 2024 kwamba mfumo huo unakiuka katiba, serikali ikakimbilia rufaa, na sisi wa saiba tukaendelea kujaza. Fomu inauliza mapato ya wazazi, ndugu wangapi wako shuleni, karo ya sekondari ilikuwa kiasi gani.

Sasa yule mzee ambaye asubuhi alikuwa akitaka kozi yenye jina zito, kozi ya watu wakubwa, ambaye alimwambia shangazi wa Kitale kwamba pesa si tatizo, saa nane anabadilika mbele ya macho yangu. Shamba la Turbo limekuwa la ndugu yake. Ng'ombe walikufa. Ile pikapu iliyoegeshwa mlangoni, ambayo inanizibia wateja, ni ya rafiki. "Andika kibarua," ananiambia. "Kibarua wa mara mojamoja." Msichana amekodoa macho. Naandika, mimi ni nani? Kisha anatoka, anawasha pikapu ya rafiki, na kwenda nyumbani.

Wakishaondoka wote huwa nabaki na kurasa za kozi zimefunguliwa, ninazisoma mwenyewe. Si mbaya zote. Nyingine ukichimba unakuta kazi ya maana, iliyofichwa chini ya jina ambalo halijawahi kutamkwa na mtu mwenye njaa. Kwa hivyo nina ombi kwa wakuu wa vyuo vyetu vya umma, wa Kesses, wa Chepkoilel na kwingineko. Kando ya kila kozi andikeni sentensi moja kwa Kiswahili cha kawaida: huyu akimaliza, Jumatatu asubuhi ataamka aende kufanya nini, na wapi. Mkinitumia hiyo orodha nitaichapisha bure, hata kwa rangi, na kuibandika mlangoni.