Namna ya Kupitisha Filamu ya Rangi Forodhani Bila Kuiunguza

Ukiwa na katoni ya filamu za rangi na unataka ifike Kigali salama, usianze kuuogopa mlima wa Sekenke. Ni kweli una kona kali, na mteremko wake huwatoa jasho madereva wa semi-trela waendao Rwanda, Burundi na Kongo. Lakini lori likishafika Shelui, habari ya mlima imekwisha. Cha kuogopa ni nafasi ndogo kwenye fomu ya forodha inayodai tarakimu nane za aina ya bidhaa. Zikikosewa bandarini Dar es Salaam, kosa litapanda lori pamoja na mzigo, litapita Dodoma na Singida, litashuka Sekenke bila mkwaruzo, kisha litakudai ukiwa mpakani Rusumo.

Kwa hiyo, jambo la kwanza: usiandike “vifaa vya studio”. Studio yoyote ya Singida mjini ina kiti cha plastiki, pazia lenye picha ya maporomoko ya maji, taa mbili na kitana cha wateja. Vyote hivyo ni vifaa vya studio, na kila kimoja kina namba yake. Wala usiandike jina la kiwanda ukadhani umemaliza. Kodak Gold si dhahabu, na hapa Iramba, ulipo mlima wa Sekenke na dhahabu yake, watu watakuwa wa kwanza kukwambia. Kinachofanya kazi ndani yake ni chumvi za madini ya fedha zinazobadilika zikipigwa na mwanga, zikiwa zimepakwa katika tabaka za rangi tatu.

Tarakimu sita za kwanza ni za dunia nzima. Zinatoka kwenye jedwali la Shirika la Forodha Duniani lenye makao Brussels, lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 1988, na toleo tunalotumia sasa ni la 2022. Mbili za mwisho ni za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Filamu zimepewa sura ya 37, na sura hiyo haikuulizi filamu ni nzuri kiasi gani wala umeinunua kwa bei gani. Inauliza: imekwishaona mwanga? Imesafishwa? Ni bapa au imeviringishwa? Ina matundu pembeni? Upana wake? Urefu wake?

Wenyeji wa Sekenke wana historia inayoeleza, vizuri kuliko kitabu chochote cha forodha, jinsi kitu kile kile kinavyobadili namba hali yake ikibadilika. Wajerumani walikuwa wakichimba dhahabu hapa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana na sarafu zimeadimika, dhahabu ya Sekenke iligongwa Tabora ikawa sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Ipitishe safari hiyo kwenye jedwali la leo, kwa tarakimu nne za kwanza tu. Mawe yenye dhahabu yanaingia 26.16. Dhahabu ghafi ni 71.08. Ikigongwa kuwa sarafu inaitwa 71.18. Na sarafu hiyo hiyo ya tembo, kwa kuwa imepita miaka 100 na watu wanaiweka kama kumbukumbu, inahamia 97.05. Madini ni yale yale, namba ni nne.

Filamu inakwenda mwendo huo huo, ila kwa haraka zaidi. Roli mpya ni 37.02. Ukishaipigia picha lakini hujaisafisha, ni 37.04. Ukiisafisha ukapata negativu, ni 37.05, au 37.06 kama ni ya sinema. Picha uliyochapa ukaipeleka kwa bibi imeshatoka sura ya 37 kabisa, iko 49.11 pamoja na machapisho. Linganisha na kadi ya kumbukumbu ya kamera ya dijitali, ambayo ni 85.23 ikiwa tupu na ni 85.23 ikiwa imebeba harusi nzima. Ndiyo maana mawakala vijana wa forodha, waliokua na kadi, huikosea filamu kila mara: kwao chombo ni chombo, kimejaa au hakijajaa.

Itazame roli yenyewe. Filamu ya milimita 35 ikiwa mpya huacha ulimi mfupi nje ya kikopo, wenye matundu pembeni. Mpiga picha akimaliza na kuirudisha nyuma, mara nyingi ulimi humezwa na kikopo. Tofauti kati ya 37.02 na 37.04 unaweza kuiona kwa jicho, mezani, bila kufungua chochote. Mwonyeshe ofisa alama hiyo kabla hajaomba mkasi.

Sasa chukua rula. Filamu ya rangi yenye matundu, pana zaidi ya milimita 16 lakini isiyozidi 35, na ndefu isiyozidi mita 30, ni 3702.54. Ikiwa ni ya slaidi, kama Ektachrome, ni 3702.53. Roli ya picha 36 ina urefu wa mita 1.6 hivi, kwa hiyo hapo huna wasiwasi. Wasiwasi unaanza unapoagiza filamu ya sinema ya rangi ili uikate mwenyewe: kopo lenye futi 400 ni karibu mita 122, na hilo ni 3702.55. Ndiyo, ni filamu ile ile utakayoikata vipande vya mita moja na nusu kesho yake. Forodha inaipima siku inayoingia.

Roli pana la 120 halina matundu, limelala kwenye karatasi, na upana wake ni kama sentimita sita. Liweke 3702.31. Instax na nyingine za papo hapo zinazopendwa sana kwenye harusi ni bapa, basi ni 3701.20. Kamera ya kutupa iliyokuja na filamu ndani inahesabiwa kuwa kamera, 90.06. Tahadhari na Ilford XP2: inasafishwa kwa dawa za filamu ya rangi, C-41, lakini picha zake ni nyeusi na nyeupe. Jedwali linataka picha yenye rangi nyingi, na hiyo haimo.

Ukibaki na shaka, iulize Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kwa maandishi na uombe uamuzi wa awali kabla mzigo haujapakiwa. Wakala atakayekwambia “tutaona mbele ya safari” mwache.

Kisha kuna ukaguzi, na hapa nakusihi. Filamu ambayo haijasafishwa ukiifungua kwenye mwanga umeiua. Ofisa ana haki ya kukagua, na kazi yake ni ya lazima, lakini wewe ndiye mwenye wajibu wa kumwezesha akague bila kuharibu. Weka ndani ya katoni orodha ya maboksi na idadi ya roli. Weka roli moja juu, ya kutolewa sadaka akitaka kuivuta. Weka mfuko mweusi wa kubadilishia filamu ili aingize mikono na kupapasa. Kwa filamu ya 37.04 usitoe sadaka hata moja. Bwana harusi hawezi kuitwa arudi aoe tena kwa sababu kikopo kilifunguliwa kaunta.

Lori likiharibika mlimani, usihamishe katoni kwenye gari la rafiki eti kwa kuwa jua ni kali. Mzigo wa nje una muhuri wa forodha, na kuhamishwa kwake ni kwa idhini ya forodha. Piga simu kwanza. Wakati unasubiri, utingo asogeze turubai lifunike upande wa jua, maana joto la bonde la Wembere huzeesha tabaka tatu za rangi kila moja kwa kasi yake, na nyuso za watu hutoka zambarau.

Kwenye nafasi ya maelezo ya bidhaa, andika hivi: “Filamu za picha za rangi, mpya, hazijaona mwanga, za roli, zenye matundu, upana milimita 35, urefu wa kila moja chini ya mita 30, si za slaidi, 3702.54. Zisifunguliwe kwenye mwanga.”