Msimu wa Nusura

Katika msimu wa mpira wa mwaka 2021 hakuna neno la lugha yetu nililolitumia kwa wingi kama neno nusura, nalo ni neno la ajabu, kwani lina ukoo na kunusuru, na huko Uarabuni lilikotoka ni la msaada na ushindi, ilhali sisi tulipolivusha bahari tulimkabidhi mtu aliyeteleza ukingoni mwa kisima. Maana zote mbili zilinikaa sawasawa kichwani nilipokuwa nimeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, katika banda la gari la jirani yangu mjini Lincoln, jimbo la Nebraska, nikitazama timu ya chuo kikuu cha huko ikishindwa mara ya tisa.

Yafaa nieleze kwamba mpira wenyewe si ule tuujuao. Una umbo la yai, nao huuita wa miguu ingawa aghalabu hubebwa mikononi na vijana wenye mabega kama makabati. Na mimi niliyezaliwa Mombasa, nilipoalikwa kwa mara ya kwanza kutazama mpira, nilikwenda nimejiandaa kumlaumu mlinda mlango, nikapoteza robo nzima ya mchezo nikimtafuta alipo. Timu yaitwa Cornhuskers, yaani Waambua Mahindi, na mapenzi ya watu kwayo yamevuka mpaka wa burudani: kwa hesabu yao, tikiti za Uwanja wa Memorial zimekuwa zikiisha kila mchezo tangu mwaka 1962, na umati wa nguo nyekundu unaokusanyika humo huufanya uwanja kuwa, kwa saa chache, mji wa tatu kwa ukubwa jimboni baada ya Omaha na Lincoln wenyewe. Walitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1970, 1971, 1994, 1995 na 1997, na jirani yangu, mzee mstaafu mwenye taadhima, huitaja miaka hiyo mitano kwa sauti ile ile aliyoitumia marehemu mama kuwataja waliotangulia.

Chakula ndicho kilichonifunga na watu wale. Desturi ya Nebraska ni kula maharagwe yaliyopikwa kwa nyama ya kusaga na pilipili, pamoja na mkate mtamu wa mdalasini uliomwagiwa sukari. Wageni hustaajabu, lakini mimi, mtoto wa mbaazi na mahamri, nilichovya bila kuuliza, na mzee akanitazama kama mtu aliyerudishiwa nduguye na bahari.

Mkosi wangu ulianza Oktoba 2, siku tuliyocheza na Northwestern. Nilitoka kwenda kuswali magharibi, niliporudi nikakuta timu imekwisha kufunga tena. Nikatoka kumwitikia mke wangu, ikafunga mara nyingine. Na mchezo ukaisha 56 kwa 7. Timu inayopata pointi 56 hufunga kila mtu apigapo chafya, hilo nalijua, lakini banda zima lilikuwa limekwisha kupiga hesabu yake. Jumamosi iliyofuata, Michigan walipokwenda mapumziko wakiwa mbele kwa 13 bila kitu, mzee alikohoa kidogo, akaniinamia sikioni.

"Ndugu yangu, saa ya ibada yako haijafika?"

"Nimekwisha kuswali, mzee."

"Hata ya ziada haipo?"

Kwa kuwa sunna haijamdhuru mtu, nilitoka. Nikiwa nje, Nebraska ikatoka nyuma, ikatangulia; kelele za furaha zikanipanda, nikarejea ndani ili nami niwe shahidi, na baada ya kitambo mpira ukamponyoka kijana wetu, Michigan wakaondoka na 32 kwa 29. Tangu siku hiyo kituo changu rasmi kikawa nje ya mlango wa banda.

Basi Ijumaa ya Novemba 26, Iowa walipokuja, nilisimama nje tangu mwanzo, kikoi nimekizungusha shingoni mara tatu, nikipokea habari kwa mwanya wa mlango kama mgonjwa apokeaye uji. Mke wangu, Mama Salma, alitoka kwenda kutupa taka, akaniona.

"Baba Salma, wamekufukuza?"

"Hawakunifukuza. Nimepewa wadhifa."

"Wadhifa wa bawabu. Kifua kikikubana usiku usinililie."

Ikawa Nebraska 21, Iowa 6. Hapo nilikuwa sina tena habari ya vidole vya miguu, na harufu ya maharagwe ilikuwa ikipenya mwanyani bila huruma. Nikajiambia kwamba pointi kumi na tano ni ngome ya mawe, nikasukuma mlango, nikapakua. Nilikuwa na kijiko cha kwanza mkononi, hakijafika kinywani, wakati mpira tulioupiga kuusogeza mbali ulipozuiwa na kijana wa Iowa, ukadunda, ukaokotwa, ukakimbizwa hadi mwisho wa uwanja wetu. Watu sita waligeuka kwa pamoja. Hakuna aliyeitazama televisheni. Walinitazama mimi na kijiko changu. Tulifungwa 28 kwa 21.

Baada ya hapo hakuna aliyekwenda nyumbani. Walikaa kama watu wa matangani, na kila mmoja akatoa lau yake. Lau, mbele ya Oklahoma, mkwaju wa pointi moja ya nyongeza usingalizuiwa, ukakimbizwa upande wa pili, ukazaa pointi mbili za wenyeji wetu. Lau kule Michigan State, kikosi chetu kilipokimbilia upande mmoja, mpira usingalielekea upande wa pili, alikokuwa mpokeaji wao amebaki peke yake na njia nyeupe. Jambo hilo mzee hakuweza kulipita. Alisogeza chupa tatu huku, kopo la chumvi kule, akapitisha kidole katikati taratibu, akarudia, na kila aliporudia kopo la chumvi lilifika mwisho wa meza bila kuguswa.

Mimi kazi yangu ni kushika madaftari ya hesabu, na katika msiba kila mtu hutoa alichonacho, hivyo nikaomba karatasi. Michezo kumi na miwili, mitatu kushinda, tisa kushindwa. Pointi tulizofunga 335, tulizofungwa 272. Duka lenye daftari kama hilo halifilisiki. Tena katika ile tisa hatukushindwa hata mara moja kwa zaidi ya pointi tisa. Nikajumlisha pengo la kila mchezo: nane, saba, tatu, saba, tatu, tano, tisa, saba, saba. Nikapata 56. Nikarudia kujumlisha, nywele zikanisimama, kwani ndizo zile zile 56 zilizomwagwa zote usiku mmoja juu ya Northwestern! Lau zingaliwekwa akiba!

Kijana mmoja, mwenye akili za kuudhi, akasema kwamba kwa akiba hiyo tungalitoka sare mara tisa, na Northwestern wakatufunga saba bila. Mzee akajibu kuwa sare tisa angalizipokea kwa mikono miwili, akasahau katika huzuni yake kwamba sare zilifutwa katika mpira huu mwaka 1996.

Krismasi ilipofika, mzee alinibishia hodi akaniletea koti jekundu, refu hadi magotini, lenye manyoya ndani. Hakusema ni la nini, wala sikuuliza.

Msimu mpya ulifunguliwa Agosti 27, 2022, na ulifunguliwa mbali, Dublin nchini Ireland, tena na wale wale Northwestern. Mzee alinijia asubuhi na suala la kielimu: mtu akisimama nje mjini Lincoln, athari yake yaweza kuvuka Atlantiki? Nilimjibu kwa uaminifu kwamba sijasikia mwanachuoni aliyeligusa. Nikasimama nje chini ya jua la Agosti, koti nimelifunga vifungo vyote, maana yeye ndiye aliyelinunua na alikuwa akinichungulia dirishani. Nebraska ilikuwa mbele kwa 28 dhidi ya 17 nilipofungua kifungo kimoja, kile cha juu kabisa, nipate pumzi. Northwestern walishinda 31 kwa 28, nami habari ya kifungo hicho sijamwambia mzee hadi leo.