Lori Nalo Liachishwe Kazi
(Barua ya wazi kwa wenye malori)

Kwa wakurugenzi, mameneja wa usafirishaji na wakubwa wote wa yadi, kuanzia Changamwe mpaka Mlolongo,

KUH: OMBI LA USAWA KATI YA DEREVA NA LORI

Huku Ukambani mvua imetupiga chenga, ndengu zinajikaza, na sisi madereva mliotufuta kazi bado tuko hai, ingawa najua kwa baadhi yenu hilo linaudhi kidogo.

Muda wenu ni wa thamani, mlinzi hutukumbusha hilo kila tukifika langoni, kwa hiyo sitazunguka. Tulipata ajali, mimi na lori, usiku mmoja, kwenye mteremko wa Salama. Breki za trela zilikuwa zikivuta upande mmoja. Nililiandika jambo hilo kwenye daftari la gari, na karakana ikanijibu: "Nenda nalo hivyo hivyo, ukirudi tutaangalia." Tulirudi kweli, mimi kwa ambulensi na lori kwa kuvutwa. Polisi hawakunishtaki kwa lolote. Mimi nikapewa barua, lori likapewa bampa mpya.

Nimeliona juzi pale Emali. Limepigwa rangi, limebeba vyuma, linanguruma kama kwamba halijawahi kulala mtaroni. Nililitambua kwa mkwaruzo ulio chini ya mlango wa utingo, ambao fundi wa rangi aliuruka. Hakuna anayelisimamisha langoni akalipima kuanzia taa hadi trela: "Ulitoka kwa nani? Mbona uliacha?" Maswali hayo ni yangu mimi, yadi baada ya yadi, na nikishajibu uso wa meneja hubadilika, kalamu ikafunikwa, na lile neno lenu likatoka: "Tutakupigia."

Kwa heshima na taadhima, basi, naomba lori nalo liachishwe kazi.

Lipewe barua yake asubuhi, kabla halijanywa dizeli. Lisindikizwe hadi stejini, lipande matatu ya Kitui, lilipe nauli yake na mzigo wake ufungwe kwenye keria. Kisha lianze kutafuta kazi jinsi watu wanavyotafuta. Liende Huduma Centre ya Wote, lipange foleni nyuma ya akina mama waliofuata vitambulisho, lilipe shilingi 1,050 za cheti cha mwenendo mwema, halafu lichukuliwe alama za matairi, yote 22, moja moja, kwa wino. Tairi lililobaki kipara lisiposomeka, karani aliambie lije tena wiki ijayo. Lipite kwa chifu athibitishe kwamba analijua tangu likiwa dogo. Lipite na kwa mchungaji, maana yuko mkubwa mmoja aliyenidai barua ya kanisa. Makaratasi yote liyatie kwenye bahasha ya kaki, lisiyakunje, na lifike yadini saa kumi na mbili asubuhi ingawa mhusika huingia saa nne.

Hapo liulizwe: "Umewahi kupata ajali?" Ningependa niwepo, hata kwa kuchungulia dirishani. Likisema ndiyo, limekwisha. Likisema la, limedanganya, na bampa mpya inang'aa pale pale mbele ya watu. Likisema shida ilikuwa breki, litaambiwa kila lori husema hivyo. Kisha lipelekwe kujaribiwa: Malaba na kurudi, likiwa na mzigo halisi wa mteja halisi, bila senti, "tuone mkono wako tu." Likirudi salama, liambiwe mwenye uamuzi amesafiri. Likae nyumbani, simu imewekwa juu ya dashibodi sauti ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho, na shemeji zake waanze kuuliza kwa upole likizo hii inaisha lini.

Maombi mengine ni madogo. Matangazo yenu ya "dereva mwenye uzoefu wa miaka 10, asiyewahi kukwaruza gari" yaongezwe maneno "wala kukanyaga barabara". Mlinzi wa lango anayedai chai atoe risiti. Na Sheria ya Trafiki, inayokataza gari la biashara kuendeshwa na mtu mmoja zaidi ya saa 8 kati ya saa 24, iwekwe kwenye fremu nzuri na itundikwe kando ya ratiba yenu, ile inayotaka kontena litoke Mombasa jioni na kesho yake lilale Malaba, kilomita zaidi ya 900.

Mtasema kazi zimeadimika. Ni kweli, tulikuwepo zikiadimika. Mwaka 2018 Kitui ilipiga marufuku makaa na mchanga kutolewa nje ya kaunti, tipa zikalala. Mwaka 2019 serikali ikaagiza kontena zipande reli ya SGR, na Mtito Andei, mji uliokuwa haujui usingizi, ukaanza kufunga vibanda mapema. Mwaka 2022 amri ya reli ikalegezwa na malori yakarudi barabarani. Malori ndiyo yaliyorudi.

Na kwa kuwa tumefika hapo, acha niseme. Mmoja wenu anajijua. Breki zile ulizijua, daftari unalo, na kama limepotea wewe ndiye unayejua lilivyopotea. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa kosa, aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, mwenzake akiwepo, na asikilizwe. Mimi nilisikilizwa na mlinzi, tena alikuwa na haraka ya kufunga lango. Nilikuwa bado na bandeji kichwani. Lori lilikuwa na bima, mzigo ulikuwa na bima, na mimi niliyekuwa katikati ya hivyo viwili niliambiwa nirudishe ovaroli. Unalalaje?

Samahani. Sauti imepanda, nimerudi gia ya chini.

Msinihurumie bure, lakini. Kwa leseni yangu ya daraja la CE naendesha kanta ya maembe kutoka Wote msimu ukifika, kwa malipo ya siku. Msimu ukiisha naendesha punda wa shangazi kuteka maji mtoni. Hana bima wala gavana ya mwendo, ila akikataa kwenda hakuna anayemwambia aende hivyo hivyo.

Ombi la mwisho halina mzaha. Kifungu cha 51 cha sheria hiyo hiyo kinamlazimu mwajiri kumpa cheti cha utumishi kila aliyemfanyia kazi kwa wiki 4 au zaidi: jina lake, kazi aliyofanya, tarehe aliyoanza na aliyomaliza. Ajali haimo katika orodha hiyo. Kunisifu hamlazimiki, sheria imewaonea huruma hapo, lakini cheti ni changu, na mwajiri anayekikalia kwa makusudi anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000 au kufungwa hadi miezi 6. Nakitaka.

Nanyi madereva wenzangu mnaosoma barua hii mkiwa nje ya lango la mtu: kesi ya kuachishwa kazi isivyo haki hufunguliwa kabla miaka 3 haijapita. Msiimalize mkingoja simu.

Wenu mtiifu,
Dereva, Kitui