Ree Mbili na Paka wa Miwani

Kwenye poka ya mtandaoni simu inakugawia karata mbili, kisha inakupa sekunde chache uamue: unazicheza au unazitupa? Karata mbili zinaweza kupangika kwa namna 1,326, na ree mbili zimo katika sita tu. Yaani kwa wastani utaziona mara moja katika kila migao 221. Meza ya simu inagawa mara 60 au 70 kwa saa, kwa hiyo unaweza kukaa zaidi ya saa tatu ukitupa mbili na saba, nne na tisa, mzungu na garasa, macho yamekuiva kama ya mlinzi wa usiku. Halafu zinaingia. Ree ya uru, ree ya pau. Sasa atokee mtu akwambie zitupe!

Sisi tuliokulia barazani, Tanga, tatizo letu lilianza zamani. Mchezo wetu wa karata, wahedi wa sitini, hauna mambo ya kutupa. Ulichogawiwa utakicheza hadi karata ya mwisho, kizuri kwa kibaya, na mwenzako aliyekaa mbele yako anakuhesabia kila hatua. Ree ina pointi 11, saba 10, mzungu wa nne 4, wa tatu 3, wa pili 2. Jumla 120, na mwenye 61 kaondoka na sifa zake. Nane, tisa na kumi ndizo magarasa, na huondolewa kabla hata karata hazijachanganywa. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenifundisha, anaamini kuwa mtu aliyeshika ree akaiweka mezani taratibu, bila kuipiga hadi glasi za kahawa ziruke, hakulelewa vizuri.

Mimi nacheza kwa chipu za bure. Kucheza kwa pesa ni haramu, na hata ingekuwa halali, mweka hazina wa nyumba hii ni mama watoto. Ila meza za bure zina adha yake. Ree mbili zikipambana na mtu mmoja aliyeshika karata zozote zile, zinashinda kama mara 85 katika 100. Ndiyo maana wajuzi wanasema pandisha dau mapema ili wengi wakimbie. Waende wakaseme hayo kwenye meza ya bure! Mtu asiyetoa hata senti anakimbia nini? Ukipandisha, nao wanapanda. Wakibaki wanane mpaka karata ya mwisho, ree zako zinashinda kama theluthi tu ya safari. Wazungu wa nne wawili ndio kabisa: zaidi ya mara moja katika tano, zile karata tatu za kwanza za mezani zikifunuliwa, kuna ree inakuchungulia.

Kuzitupa ree kabla hata karata za mezani hazijafunuliwa, huo kwangu ni ujuaji, isipokuwa mahali pamoja: mashindano ya kugombea tiketi za kuingilia mashindano makubwa. Kama tiketi ni kumi zinazolingana na mmebaki watu kumi na mmoja, mwenye chipu za kutosha anaweza kuzitupa ree akatulia, akamsubiri mwenye njaa aanguke mwenyewe. Kwa njia ya tiketi za mtandaoni ndivyo Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, alivyotoka na dola 86 mwaka 2003 akafika Las Vegas na kuondoka na dola milioni 2.5. Katika meza ya mwisho Sam Farha alikuwa na jozi ya tisa. Moneymaker hakuwa na kitu, akasukuma chipu zake zote kati kisha akanyamaza nyuma ya miwani ya jua. Farha akamtazama, akafikiri, akazitupa tisa zake zilizokuwa zinashinda. Na Farha alikuwa anamwona mtu mzima mbele yake, kofia na jasho. Mimi mpinzani wangu alikuwa picha ya paka.

Paka mwenyewe naye kavaa miwani.

Usiku mmoja nilipandisha dau na ree zangu, wakafuata watano. Mezani zikafunuliwa nane, tisa na kumi, zote shupaza. Mtu wa poka akiona hivyo na mkononi hana shupaza hata moja, jasho linamtoka, maana wa mfululizo yupo na wa rangi moja yupo. Mimi nikaona magarasa matatu. Damu ya barazani ikaniambia hizo zilipaswa kuwa zimeondolewa tangu asubuhi. Paka akaweka zote. Mwingine, mwenye picha ya lori, akafuata. Hapo ndipo pa kutupa, hata mtoto anajua: watu wawili hawawezi wote kuwa waongo kwa pamoja. Lakini kidole hakiendi. Saa tatu nzima nimezisubiri hizi!

Saa ya mezani ikaanza kulia, ti, ti, ti.

"Baba watoto, luku inalia," sauti ikatoka chumbani.

"Hapana, ni simu yangu."

"Simu yako iko ukutani kwenye korido?"

Taa zikazimika, ruta ikazimika, paka akaganda na miwani yake. Nilipomaliza kuhangaika na bando kwenye giza na kurudi mezani, muda wangu ulishakwisha, na programu ilishazitupa ree kwa niaba yangu. Karata zimelazwa wazi: lori ana nane na tisa, paka ana mzungu wa pili na mzungu wa tatu. Luku ilikuwa imetupa vizuri sana, kwa utulivu ambao sijauona kwa mchezaji yeyote.

Jumamosi nikamsimulia mjomba barazani. Akasikiliza na kikombe kimesimama hewani.

"Wazungu wawili wadogo na magarasa matatu, wakaua ree mbili?"

"Wamepanga mstari, mjomba. Nane, tisa, kumi, mzungu wa tatu, mzungu wa pili."

"Ngoja. Wa pili kakaa juu ya wa tatu?"

"Huko ndivyo."

"Tangu lini?" Akawageukia wenzake, nao wakatikisa vichwa, hakuna aliyewahi kusikia jambo kama hilo. Akaweka kikombe chini na kuninyoshea mkono. "Lete hiyo simu. Niongee na huyo paka."